Kazi ya Nani Hii?

Mkeka mpya ukitandikwa kwenye shughuli huko kwetu Pemba, haupiti muda kabla mtu mzima mmoja hajauinamia. Atapapasa upindo, atageuza pembe auone mgongo wake, kisha atauliza: "Kazi ya nani hii?" Haulizi bei wala umetoka duka gani. Anauliza mtu. Na akijibiwa, mara nyingi huwa anamjua, au anamjua aliyemfundisha, na papo hapo maongezi huhama kwenye mkeka yakaenda kwa watu: mama yake naye alikuwa na mkono wa kukaza, dada yake ndiye aliyeanza kutia zambarau katikati, yule wa Micheweni hajambo lakini ukili wake, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, mpana mno.

Mitandaoni swali hilo silisikii. Kila siku zinapita picha za mikeka, vikapu, makawa ya kufunikia chakula, kofia, na chini yake maneno yaleyale: "Kazi ya mkono kutoka Zanzibar." Watu wanaweka mioyo, wanaandika "Mashaallah", wanauliza "Bei?", wanaambiwa "Njoo inbox", basi. Mkeka umesifiwa, aliyeusuka hayumo. Nimekuwa nikipiga picha kazi za shangazi yangu na wenzake na kuziweka mtandaoni kwa miaka kadhaa sasa, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba picha nzuri isiyotaja mtu inamnyang'anya msusi kitu alichokuwa nacho hata kabla ya simu hazijaja. Uani kwake alikuwa na jina. Tumempeleka mbele ya watu wengi zaidi, na huko amekwenda bila jina.

Sisemi haya kwa kuichukia mitandao. Kazi ya mkono siku zote ilikuwa ya kuonyeshwa. Mikeka ya harusi haikufichwa kabatini, ilitandikwa ili watu waione na waiseme. Mwanamke alikuwa akitoka nyumbani na ukili wake mkononi, anasuka huku anatembea, anafika anakokwenda ameshaongeza urefu wake na njia nzima imemwona. Kwa hiyo anayenunua simu akaanza kuonyesha anachokitengeneza anaendeleza jambo la zamani. Ninachokidai ni lile jambo la zamani liende lote, pamoja na swali lake.

Na ili mtu aulize swali hilo, lazima aone kwamba kuna mtu. Hapa ndipo picha ya mkeka uliokwisha inapotuangusha. Mkeka uliokwisha umenyooka, umetulia, rangi zimekaa mahali pake, na kwa asiyejua ni kama umetoka kiwandani pamoja na ile ya plastiki inayoning'inia madukani. Mikono imeshaondoka.

Basi tuifuate mikono tangu mwanzo. Ukindu, majani yanayosukiwa mkeka, unatokana na mkindu, mti wa jamii ya mtende, unaopenda mahali penye unyevu. Hukatwa makuti machanga ya katikati, yale ambayo bado yamejifunga, kwa sababu yakishafunguka na kupigwa na jua juu ya mti huwa magumu na hukatika mtu anaposuka. Mkataji hachukui kila alichokiona, maana mkindu ukimalizwa moyo wake haurudi. Makuti huanikwa juani mpaka kijani kiondoke, na siku hizo watu wa nyumba nzima wanakuwa na jicho moja mbinguni, kwa kuwa ukindu ulionyeshewa hupata madoa ambayo hayatoki tena. Ukikauka huchambuliwa. Uti wa katikati hutolewa, kingo ngumu hutolewa, kisha kila jani huchanwa kwa upana mmoja. Watu wanasifu rangi, lakini mimi nimefundishwa kutazama uchanaji. Aliyechana kwa haraka utaona ukili wake unapanuka na kusinyaa njiani. Aliyechana kwa sindano, jani baada ya jani, ukili wake ukiupitishia kiganja hausikii mahali popote panapokwama.

Rangi za siku hizi ni za unga, zinanunuliwa dukani, zinachemshwa sufuriani na ukindu unatumbukizwa humo mpaka ushike. Wapo wazee wanaokumbuka rangi za miti: mizizi ya mdaa kwa weusi, manjano kwa njano, mbegu za mzingefuri kwa ile nyekundu inayokaribia chungwa. Nikiweka picha ya sufuria ya rangi inayochemka, picha ambayo haina uzuri wowote kwa anayetafuta uzuri, ndiyo inayoleta maneno mengi kuliko mkeka wenyewe. Watu wanaanza kukumbuka. Mwanamke mmoja aliniandikia kutoka Muscat, ambako jamaa zetu wengi wanaishi, akaniambia mama yake alikuwa hatumii sindano kabisa, alichana kwa ukucha wa kidole gumba na ukucha huo alikuwa hakubali ukatwe. Tazama alivyokuja mtu hapo. Hakutajwa na mkeka, ametajwa na ukucha.

Baada ya kuchana ndipo kusuka. Ukindu hurushiwa maji kidogo ili ulainike, na msusi hukaa chini, mguu mmoja ameunyoosha, anapishanisha nyuzi mpaka utoke utepe mrefu. Utepe huo ndio ukili. Unapokua unaviringishwa pembeni, na unapimwa kwa pima, kuanzia ncha ya mkono mmoja hadi ncha ya mwingine. Nakshi zote za mkeka zinaamuliwa hapa, utepe ungali mwembamba, kabla mkeka haujaonekana. Msusi anajua rangi ikiingia sasa itatokea wapi tepe zitakapolazwa ubavu kwa ubavu na kushonwa kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka. Hana karatasi. Anahesabu kwa vidole huku anazungumza na wewe habari za mtoto aliyekataa kula, na tepe zikikutana maua yanakutana.

Hilo la maua kukutana nimejaribu kulionyesha kwa picha na picha haikutosha. Video ndiyo iliyoweza. Nilimpiga shangazi akishona tepe mbili, simu nimeiegemeza kwenye ndoo, bila muziki, sauti ni ya ukindu tu unavyovutwa na jogoo wa jirani. Watu waliitazama hadi mwisho. Nawashauri wote wanaorekodi kazi za mikono: acheni sauti ya kazi isikike. Muziki unaowekwa juu yake unaifanya kazi ya Pemba na kazi ya mahali pengine popote zifanane.

Mambo ya picha nitayapitia upesi. Piga asubuhi au jioni kivulini, si kwa mmweko wa simu, kwa sababu mmweko unaufanya ukindu mweupe ung'ae na kufuta mstari wa usukaji. Angalia simu yako haiongezi rangi yenyewe, maana zambarau inageuka waridi na mnunuzi atapokea kitu ambacho hakukiona. Weka mkono wa mtu kando ili ukubwa uonekane. Piga na mgongo. Wanaojua hutazama mgongo kwanza.

Nirudi kwenye majina, kwa sababu nchi yetu imeshapoteza mengi kwa kutoyataja.

Ingia duka lolote la vinyago Dar es Salaam, uliza kazi ni ya nani, utaambiwa "Makonde". Kabila limekaa mahali pa mtu. Lakini vile vinyago vya mashetani, vyenye viungo vilivyojipinda, vilivyoanza kusambaa miaka ya 1950, vinahusishwa na mtu mwenye jina, Samaki Likankoa, mchongaji aliyetoka Msumbiji. Na vile vya ujamaa, watu waliopandana wakashikana kuzunguka gogo moja la mpingo, vinahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Majina haya yamo vitabuni, wanayasoma wataalamu. Kwenye kurasa zinazouza na kusifu vinyago hivi sijayaona, na wachongaji walio hai leo, wanaokaa chini ya mabanda na patasi zao, hawaonekani kabisa.

Upande wa pili yupo Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za madukani juu ya mbao nyepesi za kuezekea dari, na jina lake aliliandika kwenye picha. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora miaka minne tu. Wanafunzi wake wakaendelea, akina Adeusi, Linda, Tedo, Mpata na Ajaba, na mwaka 1990 chama cha ushirika cha wachoraji hao kikachukua jina lake. Naamini lile jina lililoandikwa kwenye picha lilisaidia sana mtindo huo usipotee. Lakini leo nalo limekuwa pazia. Mchoraji kijana anachora chui wake, anatia jina lake chini pembeni, kisha mtu anaipiga picha na kuipachika mtandaoni kama "Tingatinga" na hapohapo anaipunguza kingo ili ikae vizuri kwenye simu. Instagram kwa miaka yake ya mwanzo, hadi 2015, ilikubali picha za mraba tu. Fikiria ni sahihi ngapi zilizokuwa chini pembeni zilikatwa hivyo, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Na kanga, ambayo kila mmoja wetu anayo. Duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa lilianza mwaka 1887, na kanga zake zilikuwa na alama yake, "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Mfanyabiashara alijua tangu zamani kwamba nguo inayosafiri lazima ibebe jina lake. Naipenda kanga na simlaumu. Ila ukiuweka mkeka na kanga juu ya kitanda kimoja, kanga inakuambia ni mali ya nani, na mkeka, uliochukua muda mrefu zaidi wa mtu mmoja, umekaa kimya.

Nilipomweleza shangazi haya yote, kwamba nataka kila picha iwe na jina lake na sura yake, alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta ukindu mwingine, akasema: "Mwanangu, uso wangu una wenyewe. Mikono piga."

Hapa ndipo penye uzito, na wengi wanaoandika kuhusu kuwatangaza wasanii wanaparuka. Wanasema mtaje, mwonyeshe, msimulie maisha yake. Kwetu mwanamke anaweza kuwa msusi bora wa shehia nzima na asitake picha yake ikae kwenye simu ya mwanamume asiyemjua. Hiyo ni haki yake, na si woga wala ushamba. Nimewaona watu waliotoka mbali na kamera kubwa wakimpiga mtu usoni huku amegeuka, kisha wakaandika chini "msusi wa Kiswahili". Uso umechukuliwa bila ruhusa na jina halikuulizwa. Wamekosea pande zote mbili kwa mara moja.

Kwa hiyo tulikaa tukazungumza, si na shangazi peke yake, na wenzake wanaosuka naye. Mmoja alitaka jina lake kamili na namba ya simu, na ana haki hiyo. Mmoja alitaka atajwe kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mama fulani, kama anavyoitwa mtaani. Msichana mdogo kuliko wote alikubali uso, ila akiwa amevaa baibui lake jipya. Shangazi alikaa kimya, kisha siku nyingine nikaona kwenye upindo wa mkeka aliokuwa akiumaliza nyuzi mbili za zambarau zimepita pamoja kwenye kona moja, mahali ambapo nakshi haikuzihitaji. Nikamuuliza. Akasema, "Si ulitaka alama?" Tangu hapo kila mkeka wake una kona hiyo, na mimi naipiga picha peke yake, kwa karibu, na kuandika alivyoniruhusu kuandika: kazi ya Bi Zambarau, Pemba. Wateja wake sasa wanaiulizia kona. Mmoja alitumiwa mkeka na mchuuzi mwingine ukidaiwa ni wa Bi Zambarau, akageuza kona zote nne, akaurudisha.

Ruhusa pia si ya mara moja. Anayekubali picha yake iwekwe kwenye stetasi ya WhatsApp, inayofutika baada ya saa ishirini na nne na kuonwa na wanaomjua, hajakubali iwekwe kwenye ukurasa wa wazi unaoonwa na dunia, wala kwenye tangazo la hoteli. Mimi huuliza kila mara na huonyesha maneno nitakayoyaandika kabla ya kuyaweka. Inachelewesha, ndiyo. Lakini wazee hawa wamenisahihisha mambo mengi katika kusomewa huko. Niliwahi kuandika kwamba mkeka fulani ni wa kulalia, nikaambiwa huo ni msala, wa kuswalia, tazama upana wake, na jamvi usilichanganye na mkeka hata siku moja.

Kofia nazo zina hadithi yake. Kofia za vitobo zinashonwa na wanawake na kuvaliwa na wanaume, kwa hiyo anayeonekana mitandaoni siku ya Idi ni mvaaji. Ni ushonaji unaochukua wiki, na zile nzuri kabisa huchukua miezi: kitambaa cheupe, tundu dogo baada ya tundu dogo, kila moja limezungushiwa uzi, na maua yanatokea kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Unajulikana pwani yote, kutoka Barawa ya Somalia hadi Lamu hadi Unguja na Pemba, na ng'ambo ya bahari Waomani wanavaa kofia yao iitwayo kumma, ambayo ni ndugu wa kofia zetu. Sasa za mashine zimejaa, na kwenye picha ya mbele mtu hawezi kuzitofautisha. Nawaomba wanaouza kofia za mkono wafanye jambo moja tu: ipinduliwe, ipigwe picha ndani. Kwenye ya mashine utaona nyuzi zinazokimbia kutoka ua moja hadi jingine. Kwenye ya mkono, ndani kunakaribia kuwa kuzuri kama nje, na mwenye macho ataelewa kwa nini bei si moja.

Na bei yenyewe iandikwe. Desturi ya "bei inbox" siipendi na sitaipenda. Inamfanya mchuuzi atoe bei kwa kumtazama mteja, na inamficha msusi asijue kazi yake imeuzwa kwa ngapi. Zamani angalau kulikuwa na kisingizio kwamba pesa kumfikia mtu wa kijijini ni shida. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo mwanamke asiyewahi kuingia benki anapokea malipo yake akiwa chini ya mwembe. Mkeka unafungwa, unapanda boti, unafika. Kwenye kila picha ninayoweka naandika bei ya mkeka na kiasi kinachobaki kwa msusi. Wapo waliokasirika, wachuuzi hasa. Wapo pia walioacha kuomba wapunguziwe, kwa sababu sasa wanajua wanampunguzia nani.

Kuna wanaoniambia nikitaja mno nawapa watu nafasi ya kuiga nakshi. Nakshi zinaigwa, ni kweli, na zimeigwa tangu zamani, maana ndivyo binti alivyojifunza kwa mama. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ipo tangu 1999, na Zanzibar wana yao, lakini sijaona msusi aliyepeleka ukili mahakamani. Ninachokiona ni kwamba picha yenye jina, mahali na mwaka, iliyowekwa mapema, inakaa pale. Mtu akija baadaye na nakshi ileile akaiita ubunifu wake, watu wanaijua ya kwanza na wanasema.

Sasa tumeanza makawa. Kawa ni gumu kuliko mkeka, kwa sababu ukili lazima uzungushwe kwa umbo la pia ya kuchezea na kila mzunguko upungue kwa kiasi, na kufunga ile ncha ya juu bila shimo ni ujuzi ambao mtaani kwetu umebaki kwa bibi mmoja. Amekubali turekodi mwanzo hadi mwisho, mikono tu. Jina la kuandikwa ameshalichagua na amekataa kunitajia mpaka kawa liishe. Ukindu umeanikwa. Simu ataishika mjukuu wake wa kike, na hilo nalo ni sharti la bibi mwenyewe: kwenye kila mzunguko mmoja anaourekodi, mjukuu aweke simu chini asuke unaofuata.